Tumbo Limeshiba. Je, Mwili Umepata?



Leo tunajifunza habari ya chakula baada ya kumezwa. Habari ya kulima na kupika tunaijua wenyewe. Lakini ugali ukishapita kooni, wengi wetu tunasema basi, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Somo hili lina sababu. Siku ya kupima watoto, mama huambiwa na nesi kwamba uzito wa mtoto hauongezeki. Mama hushangaa. Husema, "Mbona anakula? Uji anamaliza bakuli zima, anashiba na kulala." Mama huyo hasemi uongo. Mtoto ameshiba kweli. Ila kushiba kwa tumbo ni jambo moja, na mwili kupata haja yake ni jambo lingine. Ili tuone tofauti hiyo, hebu tukifuate chakula njiani mpaka mwisho wake.

Tuchukue sahani ya kawaida ya nyumbani: ugali, maharage yaliyoungwa kwa mafuta, na mchicha. Ndani ya sahani hiyo mna vitu vitatu vikubwa. Ugali una wanga. Mafuta ni mafuta. Maharage yana protini, ambayo vitabu vya zamani viliiita utomwili. Mchicha unaleta vitamini na madini ya kuulinda mwili, lakini hayo tutayaacha kwa siku nyingine. Wasomaji wetu wa zamani wanakumbuka kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, ya mwaka 1975. Vikundi vya kusikiliza vilikaa na kujifunza vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Mafunzo yale yalikuwa mazuri. Leo tunataka kuingia ndani zaidi kidogo.

MDOMONI

Fanya jaribio hili. Chukua kipande cha ugali mtupu, bila mboga. Kitafune dakika moja au mbili bila kumeza. Utasikia utamu unakuja polepole. Sukari hiyo hakuna aliyeitia.

Wanga ni sukari nyingi ndogo ndogo zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Zikiwa zimeungana hazina utamu. Mate yana kitu kinachokata uzi huo. Kitu cha namna hiyo, kinachovunja chakula vipande vidogo, huitwa kimeng'enya. Vikiwa vingi ni vimeng'enya. Mwili unavyo vya aina nyingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kinachokata wanga hakiwezi kukata nyama. Tukumbuke jaribio hili la ugali, maana tutalihitaji tena tukifika kwenye uji wa mtoto.

TUMBONI

Chakula kikimezwa hupita kwenye umio na kuingia tumboni. Tumbo ni mfuko wa misuli. Linakisukasuka chakula kama mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Tena linatoa maji makali ya tindikali, ambayo huua vijidudu vingi, na kimeng'enya cha kuanza kuvunja protini. Hapa ndipo maharage na nyama huanza kulegea.

Msomaji atauliza: ni nani aliyeona mambo hayo ndani ya tumbo la mtu aliye hai? Aliyeona yupo. Mwaka 1822 huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lililoingia mpaka tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, anavitumbukiza kupitia tundu lile, kisha anavivuta baada ya saa moja au mbili kuona vimefika wapi. Tena alichota maji ya tumbo, akayatia kwenye chupa pamoja na nyama, akaiweka chupa penye joto. Nyama iliyeyuka humo chupani. Kwa hiyo ilijulikana kwamba tumbo halifanyi kazi ya kusaga tu, lina dawa yake ya kuyeyusha. Daktari aliandika kitabu mwaka 1833. St. Martin mwenyewe hakuipenda sana kazi ile, na sisi hatumlaumu.

Uji mwepesi huondoka tumboni upesi. Chakula chenye mafuta hukaa muda mrefu, maana mafuta huambia tumbo lisifanye haraka. Ndiyo sababu mtu aliyekula pilau mchana hasikii njaa mapema.

UTUMBO MWEMBAMBA

Kazi kubwa haifanyiki tumboni. Inafanyika kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa meta 6 hivi, umekunjwakunjwa.

Hapo kongosho linaleta maji yenye vimeng'enya vya vyakula vyote vitatu. Ini nalo linaleta nyongo. Nyongo ina kazi gani? Jaribu kuosha sufuria yenye mafuta kwa maji baridi matupu. Mafuta yanateleza tu. Ukitia sabuni, mafuta yanakatikakatika na kuchanganyika na maji. Nyongo hufanya kazi kama hiyo. Huyakata mafuta yawe matone madogo sana, ndipo kimeng'enya kiweze kuyashika.

Ukuta wa ndani wa utumbo huu una vijidole vidogo vingi mno, kama nyuzi za taulo. Vijidole hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula kilichokwisha kuvunjwa. Mtoto mwenye kuhara mara kwa mara, au mwenye minyoo, vijidole vyake huumia au chakula huporwa njiani. Ndiyo maana choo na maji safi ni sehemu ya somo la chakula. Unaweza kumpikia mtoto vizuri, halafu chakula kisiingie mwilini.

Mabaki yasiyoyeyuka, kama makapi ya nafaka na nyuzi za mboga, huendelea mpaka utumbo mpana. Huko maji hufyonzwa, na yaliyobaki ni choo.

BAADA YA KUINGIA KWENYE DAMU

Sasa vyakula vyetu vitatu vinaachana njia.

Wanga umekuwa sukari, na sukari yenyewe inaitwa glukosi. Inaingia kwenye damu na kwenda kwanza kwenye ini. Damu inaisambaza mwili mzima. Ubongo unaitumia, misuli ya mkulima inaitumia. Kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho hufungulia sukari milango ya misuli. Insulini ikikosekana au isipofanya kazi, sukari hujaa kwenye damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari. Sukari iliyozidi huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli. Lakini akiba ya ini ni ndogo, kama gramu 100 tu kwa mtu mzima. Hupungua sana kati ya chakula cha usiku na asubuhi. Mtoto akiba yake ni ndogo zaidi. Anayekwenda shule bila kula chochote hasinzii kwa uvivu.

Mafuta yanapita njia yake nyingine kabla ya kuingia kwenye damu. Yanachomwa kutoa nguvu, au yanawekwa chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani. Ghala la mafuta ni kubwa, halijai upesi. Wembamba na wanene wote wanalijua. Tena mafuta ndiyo yanayobeba vitamini A ya mchicha, karoti na viazi vya manjano mpaka mwilini. Mchicha wa kuchemsha bila tone la mafuta unapoteza sehemu kubwa ya faida hiyo.

Hebu tupime nguvu. Moto wa chakula hupimwa kwa kalori, kama uzito unavyopimwa kwa kilo. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4. Gramu 1 ya protini ina kalori 4 pia. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Mafuta ni kuni ngumu: kipande kidogo, moto mwingi.

PROTINI NI KAMA HERUFI

Protini ndiyo inayojenga. Misuli, damu, ngozi, nywele, hata vile vimeng'enya tulivyosema, vyote vimejengwa kwa protini.

Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tuna mfano mzuri hapa. Neno hujengwa kwa herufi. Protini nayo imejengwa kwa vipande viitwavyo asidi za amino, aina 20. Utumbo unaivunja protini ya maharage herufi moja moja. Mwili unazichukua herufi hizo na kuandika maneno yake wenyewe: hapa msuli, pale ukucha. Kati ya herufi hizo 20, ziko 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula.

Sasa mtu anataka kuandika neno "maharage" na herufi g hana. Ataandikaje? Hata awe na a elfu moja, neno halikamiliki. Ndivyo ilivyo mwilini. Mahindi yana upungufu wa herufi moja iitwayo lisini. Maharage yana lisini nyingi, lakini yamepungukiwa na nyingine, na hiyo mahindi yanayo. Kwa hiyo ugali na maharage, au makande, si chakula cha mtu maskini kama wengine wanavyodhani. Ni herufi zilizokamilika. Mayai, samaki, maziwa na nyama zinazo herufi zote peke yake.

Tuangalie kiasi. Unga wa mahindi gramu 100 una protini gramu 8 au 9. Maharage makavu gramu 100 yana 22 hivi. Karanga zina 25 hivi, na juu yake karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Unga wa muhogo haufiki hata gramu 3. Muhogo unaokoa watu wakati wa ukame, wala hatuutukani. Lakini ugali wa muhogo ukiliwa peke yake, au kwa chumvi na pilipili, unajaza tumbo na kuacha mwili bila herufi.

MAMBO MAWILI WATU WENGI HAWAYAJUI

La kwanza: protini haina ghala. Wanga una akiba kidogo, mafuta yana akiba kubwa, protini haina. Ukila nyama nyingi siku ya harusi, mwili unatumia zinazotosha. Zilizobaki ini linazivunja. Sehemu moja inakwenda kwenye figo na kutoka kwa mkojo. Sehemu nyingine inachomwa, au inageuzwa kuwa mafuta. Huwezi kula nyama Jumamosi ukajenga nayo mwili mwezi mzima. Kikombe cha maharage kila siku kinamshinda ng'ombe wa sikukuu.

La pili ni kubwa zaidi. Mwili unataka moto kwanza, kujenga baadaye. Moyo lazima upige, mapafu lazima yapumue. Kama wanga na mafuta havitoshi, mwili hausubiri. Unachukua protini na kuichoma. Ni kama mtu aliyekosa kuni usiku wa baridi, akang'oa mlango wa nyumba akautia motoni. Kwa hiyo mama anayempa mtoto yai moja huku mtoto ana njaa ya siku nzima, yai lile huenda likawa kuni. Tena kuni za bei kubwa. Mpe yai, lakini mpe na uji mzito wa kutosha.

Hapa tuseme wazi jambo linalofanyika majumbani. Kuku akichinjwa, paja na kidari huenda kwa baba na wageni, na firigisi lazima iwe ya baba. Mtoto anapewa ugali na mchuzi. Ati mchuzi ndio wenye nguvu zote! Sivyo. Mchuzi una ladha na chumvi, lakini protini karibu yote imebaki kwenye nyama. Baba amekwisha kukua. Anayejenga misuli na ubongo ni yule aliyepewa mchuzi. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wanajenga, na wako wanaomkataza mjamzito kula mayai, wakisema mtoto atazaliwa bila nywele. Nywele zenyewe zimejengwa kwa protini. Tuwaheshimu wazee, lakini katika hili tusiwafuate.

TUMBO DOGO LA MTOTO

Sasa turudi kwa yule mama wa kliniki. Tufanye hesabu.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye kilo 10. Tumbo la mtoto huchukua kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Basi 30 mara 10 ni 300. Hilo ni bakuli dogo moja.

Uji mwepesi una unga kidogo, kama sehemu 1 katika 10. Bakuli la gramu 300 lina unga gramu 30. Gramu moja ya unga ina kalori 3 na nusu hivi. Kwa hiyo bakuli zima lina kalori 105. Mtoto wa umri huo, ukiacha maziwa ya mama anayonyonya, anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Bakuli 5 za uji huo zinampa 525. Bado hazitoshi. Na ni mama gani, mwenye shamba na kisima cha mbali, anayeweza kupika na kulisha mara sita kwa siku?

Kumbe mama hakukosea aliposema mtoto ameshiba. Ameshiba maji.

Atasema mtu, basi tuongeze unga. Uji unakuwa mzito kama ugali, na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Hapa ndipo jaribio letu la mate linaposaidia. Mbegu ya nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga, kama kile cha mate. Unga wa mbegu zilizoota ni kimea. Bibi zetu waliutumia kwa togwa na pombe tangu zamani. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliueneza kwa ajili ya uji wa watoto.

Ulezi ndio unaofaa zaidi. Chagua ulezi mzuri, usio na ukungu. Uloweke usiku kucha, umwage maji, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uote. Uanike mpaka ukauke kabisa, uondoe mizizi na machipukizi kwa kusugua na kupepeta, kisha usage. Wanaotumia mtama wasiache hata kidogo kuondoa machipukizi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu.

Pika uji mzito kwa unga mara mbili ya ule wa kawaida. Uepue, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini si wa kuchemka. Tia kijiko kimoja cha kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji mzito umelegea. Unga umo mle mle, haukupungua. Kisha urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Usitie kimea wakati uji unachemka, maana moto mkali unaua kimeng'enya na uji hautalegea.

Bakuli moja la uji huo lina unga gramu 60, sawa na kalori 210. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kalori 40. Jumla 250. Bakuli 3 ni kalori 750. Hizo zimevuka mahitaji, na kazi ya mama imepungua. Ukitia na karanga zilizosagwa laini, au unga wa dagaa, umeweka na herufi za kujengea.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, uso kama wa mzee, tunamtambua mara moja. Yuko mwingine anayewadanganya watu. Mashavu yamejaa, miguu minene, watu wanasema amenawiri. Bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, uhesabu polepole mpaka tatu. Ukiachia na shimo likabaki, huo si unene. Ni maji. Nywele zake huwa nyepesi, nyekundu nyekundu, na mtoto hana furaha wala hamu ya kula.

Ugonjwa huu, ambao wengi tunauita kwashakoo, ulipewa jina vitabuni mwaka 1935 na daktari Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika nchi ambayo leo ni Ghana. Jina alilichukua kwa wenyeji, Waga. Wao walisema ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mwenzake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona jambo kabla ya madaktari. Mtoto ametolewa kwenye maziwa, akapewa uji mtupu. Wataalamu wa leo wanasema upungufu wa protini peke yake hauelezi yote. Maradhi ya kuhara, surua na chakula duni kwa jumla vinachangia.

Mtoto wa namna hii apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Asishindiliwe nyama na mayai nyumbani ili apone haraka. Mwili wake umedhoofika mno, na chakula kizito cha ghafla kinaweza kumuua. Huko ataanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ugali mtupu huwa mtamu ukitafunwa kwa muda?

2. Wiki iliyopita nyumbani kwenu mlikula maharage, kunde, choroko, dagaa au karanga siku ngapi? Nani alipata kingi, nani kidogo?

3. Mama hana kimea. Anatia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye kila bakuli la uji mwepesi wenye kalori 105. Je, bakuli ngapi zitafika kalori 550?

4. Katika kijiji chenu ni nani anayejua kutengeneza kimea cha ulezi, na anaweza kuwafundisha wengine siku gani?